Kuku anamjuaje mwewe? Uzi wa namna ndege wanavyojifunza kupanga vitu katika aina

Kihonda Kwetu #1

Wakuu, heshima kwenu.

Nafuga kuku wa kienyeji, na juu ya banda lao wanalala njiwa kama ishirini. Juzi mtetea wangu mmoja alikuwa nje na vifaranga wa siku nne. Mwewe akapita juu sana. Mimi mwenyewe nilimwona baada ya kuku kumwona. Mtetea akapiga ile kelele moja nyembamba, ndefu, na kabla sijainua kichwa vifaranga wote walishajibanza chini ya mgomba, kimya.

Baadaye wakapita yangeyange, kundi zima, chini kuliko yule mwewe. Mtetea aliendelea kuchakura kama hakuna kitu.

Jioni akaingia mbwa wa jirani. Kelele ikawa nyingine kabisa, ile ya kukatakata, na kuku wote wakasimama shingo juu wakimtazama mbwa.

Nimekaa na swali hili siku tatu. Hatari ya juu haina sura moja. Kuna mwewe mwenye mkia wa panda, kuna kipanga mdogo anayekuja kwa kasi kutoka nyuma ya miti, siku nyingine ni kivuli tu. Lakini kuku anaviweka vyote kapu moja. Yangeyange anamweka kapu la pili, mbwa la tatu. Nani alimpa hayo makapu? Kazaliwa nayo au kayasuka mwenyewe?

Mwenye ujuzi atusaidie. Kwamba Mungu ndiye kawaumba nalijua na nashukuru, ila nataka kuijua njia yenyewe.

Mama Zuwena #2

Nakaa hapa nijifunze. Nichangie kidogo tu ninachokiona: mimi natotolesha kwa mashine, vifaranga wangu hawana mama. Siku ya kwanza nikiwatoa nje wanaogopa KILA kitu kinachopita juu. Njiwa, yangeyange, hata mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo. Baada ya wiki mbili hivi njiwa wakipita hawashtuki tena, lakini mwewe bado wanamkimbia. Na hakuna kuku mkubwa aliyewaonyesha.

Mwalimu wa Zamu #3

Kihonda Kwetu, swali lako lina historia ndefu, na Mama Zuwena ameshaligusa jibu bila kujua.

Kwanza kelele zako mbili. Ulichokiona ni kweli na kimepimwa. Watafiti Chris Evans na Peter Marler waliweka runinga juu ya kizimba cha jogoo na kupitisha umbo la ndege mwindaji. Jogoo akapiga kelele ya angani. Kisha wao na wenzao wakawachezea kuku kelele zilizorekodiwa, bila mwewe wala mnyama yeyote kuwepo. Waliposikia kelele ya angani kuku walijikunyata, wakakimbilia maficho, wakatazama juu. Waliposikia kelele ya ardhini walisimama wima wakatazama huku na huku. Yaani kelele peke yake ilitosha kumwambia kuku ni kapu gani limefunguka.

Sasa la kuzaliwa nalo au kujifunza. Miaka ya 1930 watafiti wa tabia za wanyama, Konrad Lorenz na Niko Tinbergen, walitumia umbo moja lililokatwa, upande mmoja mfupi na mwingine mrefu. Likivutwa angani upande mfupi ukiwa mbele linafanana na mwewe: shingo fupi, mkia mrefu. Likivutwa kinyume linafanana na bata bukini: shingo ndefu, mkia mfupi. Vifaranga wa bata mzinga waliogopa zaidi likienda kama mwewe, umbo lile lile! Ikaonekana wamezaliwa na picha ya mwewe kichwani, na maelezo hayo yaliingia kwenye vitabu vya shule na kukaa huko miaka mingi.

Lakini mwaka 1961 Wolfgang Schleidt akalirudia jambo hili kwa bata mzinga aliowalea mwenyewe, ambao hawakuwa wameona chochote kikiruka juu yao. Akagundua kwamba umbo lolote walilolizoea waliacha kuliogopa, na umbo lolote lililopita kwa nadra ndilo lililowashtua. Hata duara. Wale ndege wa mwanzo walikuwa wameshazoea bata bukini wanaopita kila siku, ndiyo maana mwewe akabaki wa kutisha.

Kwa hiyo kifaranga anazaliwa na kapu moja pana mno: *vitu vinavyopita juu*. Hofu hiyo hakuna aliyemfundisha. Kisha maisha yanatoa kimoja kimoja kwenye kapu. Njiwa anapita kila siku, anatolewa. Yangeyange, anatolewa. Mfuko wa plastiki, unatolewa. Mwewe haonekani mara nyingi vya kutosha kuzoeleka, anabaki ndani. Mama Zuwena ameliona hilo kwa macho yake kwenye vifaranga wasio na mama.

Mama Zuwena #4

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili. Kumbe wale hawakuwa waoga, walikuwa hawajamaliza kuchambua.

Mkata Mizizi #5

Mwalimu, nakuheshimu lakini hapa nina pingamizi, na naliweka wazi ili tujadili.

Kuzoea si kuelewa. Mtu akihamia karibu na reli, baada ya mwezi hasikii treni usiku. Huwezi kusema amepata dhana ya treni. Kuku naye kaacha kushtuka, basi. Dhana ni jambo zito zaidi. Nikikwambia "kiti", unaelewa kigoda, kiti cha ofisi, kiti cha magurudumu, na kesho ukikuta kiti ambacho hujawahi kukiona unakaa. Hapo kuna kitu kichwani kinachovuka vile ulivyoviona. Naomba ushahidi kwamba ndege anavuka.

Mwalimu wa Zamu #6

Pingamizi lako ndilo lililowasumbua wanasaikolojia wenyewe, na nafurahi umelitaja kwa mfano wa kiti.

Mwaka 1964, Chuo Kikuu cha Harvard, Richard Herrnstein na Donald Loveland waliwafundisha njiwa kwa picha. Njiwa yuko kizimbani, mbele yake kuna kioo kinachoonyesha picha, na chini yake kitufe cha kudonoa. Picha ikiwa na mtu ndani yake, kudonoa kunaleta chakula. Picha isipokuwa na mtu, kudonoa ni kazi bure. Picha zilizidi 1,200. Watu wa kila namna: wazima, watoto, waliovaa, waliovaa nusu, wamesimama, wameketi, wamefichwa nusu na mti, mmoja, kundi. Hakukuwa na rangi moja au umbo moja linalopatikana kwenye picha zote za watu na kukosekana kwenye nyingine.

Njiwa waliweza. Na, Mkata Mizizi, hapa ndipo penye kiti chako: waliwekewa picha ambazo hawajawahi kuziona hata mara moja, wakadonoa sana kwenye zenye watu na kidogo kwenye zisizo na watu.

Mwaka 1976 kundi hilo hilo lilirudia kwa miti, kwa maji, na kwa mwanamke mmoja tu aliyepigwa picha sehemu mbalimbali. Maji, hebu fikiria: ziwa, tone, mto, dimbwi. Mimi ukiniambia nieleze kwa maneno maji yanafananaje kwenye picha zote hizo, nitashindwa.

Mkata Mizizi #7

Nimekuelewa, ila bado nina mawili.

Moja: njiwa wanaishi na watu, miti na maji maisha yao yote. Labda kapu walikuja nalo kutoka mtaani, maabara iliwafundisha tu lipi linalipa chakula.

Pili: inawezekana wanakariri. Ukikariri picha nyingi sana, picha mpya lazima itafanana na mojawapo.

Mwalimu wa Zamu #8

La kwanza lilijibiwa mwaka 1980. Herrnstein na Peter de Villiers walitumia picha za samaki chini ya maji. Njiwa hana biashara na samaki chini ya maji, wala mababu zake. Walijifunza, na wakaweza picha mpya za samaki. Kwa hiyo kapu linaweza kusukwa upya kabisa, hata kwa kitu ambacho maisha ya njiwa hayajawahi kukihitaji.

La pili nakupa nusu ya haki, tena nusu kubwa. Njiwa ANAKARIRI. William Vaughan na Sharon Greene walionyesha mwaka 1984 kwamba njiwa anaweza kukumbuka picha 320, nusu zenye chakula na nusu zisizo na chakula, zilizogawanywa bila mantiki yoyote, na bado anazikumbuka miaka miwili baadaye. Kumbukumbu ya namna hiyo kwenye kichwa kidogo kile inanishangaza hadi leo. Na kuna jambo jingine la kukupa nguvu. John Cerella aliwafundisha njiwa kumtambua mhusika mmoja wa katuni, kisha akamkatakata: kichwa huku, miguu kule. Njiwa waliendelea kudonoa vile vile. Maana yake hawakuwa wanamwona "mtu mzima" kama sisi. Walikuwa wanashika vipande: kipande cha mstari, kipande cha rangi, kona fulani.

Kwa hiyo kapu la njiwa huenda limesukwa kwa nyuzi tofauti na letu. Lakini linabeba.

Kipimo ambacho naona ni cha haki kwa kiumbe yeyote, ndege au mtoto wa chekechea, ni kile ulichokitaja mwenyewe: kitu kipya. Mpe ambacho hajawahi kukiona. Akikiweka mahali pake, ana aina. Akishindwa, alikuwa amekariri tu.

Dada Maabara #9

Samahani kwa kuingia katikati, ila hapa mmefika kwenye kazi yangu. Niko upande wa patholojia, naandaa vipande vya tishu kwenye vioo ili daktari atazame kwa hadubini kama kuna saratani.

Mwaka 2015 timu ya Richard Levenson wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na Edward Wasserman wa Chuo Kikuu cha Iowa iliwaonyesha njiwa picha za tishu za matiti, nyingine zenye saratani na nyingine salama. Njiwa anadonoa rangi moja kwa saratani, rangi nyingine kwa salama. Walianza kwa kubahatisha, nusu kwa nusu. Baada ya wiki mbili hivi walikuwa wanapatia kama asilimia 85. Walipoletewa picha mpya walibaki karibu na hapo hapo. Na walipochukua kura za njiwa wanne pamoja, usahihi ukapanda hadi asilimia 99.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili, maana watu wengi wakisimulia habari hii wanaiacha. Njiwa walipewa pia picha za eksirei za matiti zenye uvimbe, wakaambiwa watenganishe uvimbe mbaya na usio mbaya. Zile picha za mafunzo walizipatia baada ya muda mrefu. Walipoletewa mpya, wakarudi kwenye kubahatisha. Hicho ndicho kipimo cha mwalimu kikifanya kazi: njiwa kwa tishu walipata aina, kwa uvimbe wa eksirei walikariri.

Niongeze la kwangu. Nilipoanza kazi, aliyenifundisha alikuwa ananiwekea kioo na kuuliza, "Hii?" Najibu. Anasema ndiyo au hapana, anaweka kingine. Hakuwahi kunipa kanuni. Nilikuwa naumia moyoni, nikidhani ananinyima elimu. Baada ya miezi nikaanza kuona, na hadi leo nikiulizwa ninaonaje nashindwa kumaliza sentensi. Niliposoma habari ya wale njiwa nilihisi kuna mtu ameniandikia mimi.

Kihonda Kwetu #10

Dada Maabara, umenigusa. Hata kuchagua mbegu ya jogoo nilifundishwa hivyo hivyo na babu. "Huyu?" "Siyo." "Huyu?" "Ndiyo." Hakuna maelezo.

Mwalimu wa Zamu #11

Dada, hilo ulilolisema limepimwa. Kuna aina ambazo unaweza kuzieleza kwa sentensi moja ("vyote vyenye mistari minene") na aina ambazo lazima uchanganye dalili mbili tatu kwa pamoja bila sentensi. Binadamu anajifunza za kwanza haraka na za pili kwa taabu, maana kichwa chetu kinatafuta kanuni ya kusema. J. David Smith na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba njiwa anajifunza zote mbili kwa kasi ile ile. Yeye hatafuti sentensi. Anapatia, anakosa, anapatia, na kila mara nguvu ya dalili fulani inaongezeka au kupungua kidogo.

Ndiyo njia uliyoiulizia, Kihonda Kwetu. Majibu mengi madogo ya "ndiyo" na "hapana" kutoka kwa ulimwengu.

Bint Mvita #12

Hamjambo wenzangu wa bara. Huku Mombasa ukimrushia kunguru jiwe mara moja, siku zote ukipita anakuita majina yako yote. Na wenziwe ambao hata hawakuwepo wanamuitikia. Je, hiyo nayo ni aina, au ni kumjua mtu?

Mwalimu wa Zamu #13

Bint Mvita, hapo naona ni kumjua mtu, na tofauti hiyo ni muhimu. John Marzluff wa Chuo Kikuu cha Washington alianza mwaka 2006 kuwanasa kunguru wachache pale Seattle, mnasaji akiwa amevaa barakoa ya mtu wa kale, kisha akawaachia. Miaka ikapita, yeyote aliyeivaa barakoa ile, mwanamume au mwanamke, mrefu au mfupi, alipigiwa makelele, na idadi ya kunguru wanaopiga makelele ilikuwa inaongezeka, wakiwemo ambao hawajawahi kunaswa. Walijifunza kwa wenzao.

Lakini angalia: uso ule mmoja ulitambuliwa kwa mwanga tofauti, mwili tofauti, mwendo tofauti. Hata kumjua mmoja kunataka uzipange sura zake mia kwenye kapu moja. Ni kama yule mwanamke mmoja wa majaribio ya mwaka 1976.

Mtoto wa Tunduru #14

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mnazungumza njiwa wa kizimbani, mimi niwaletee ndege wa porini ambaye wazee wetu Wayao wanafanya naye kazi: ndege wa asali, wengine wanamwita mlembe.

Mlina asali akiingia msituni anaita. Kwetu Wayao mwito ni ule wa kutetemesha ulimi ukaishia na mguno: *brrrr-hm*. Ndege akisikia anakuja, analia akitangulia mti hadi mti, mpaka kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Mtu anatoa asali kwa moto na shoka, ndege anapata nta. Claire Spottiswoode na wenzake walipima jambo hili kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, hifadhi ya Niassa, Msumbiji. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Mlina akiita kwa mwito wetu, uwezekano wa kuongozwa na ndege ulikuwa kama asilimia 66. Akipiga sauti nyingine, ya mtu anayesema maneno ya kawaida au ya mnyama, ilikuwa nusu ya hapo. Ndege hakuwa anafuata kelele yoyote ya binadamu. Alikuwa na kapu la "mtu aliyekuja kwa ajili ya asali".

Sasa la mwaka 2023, ambalo lilinifanya niupende utafiti. Spottiswoode na Brian Wood walichukua mwito wetu wa Kiyao na miluzi ya Wahadzabe wa huku kaskazini mwa Tanzania, wakabadilishana. Ndege wa Uhadzabeni walikuja kwa miluzi ya Kihadza mara tatu zaidi kuliko kwa mwito wa Kiyao. Ndege wa Niassa wakafanya kinyume, karibu mara mbili kwa mwito wetu. Ndege ni wa jamii ile ile! Ila kila mmoja amejifunza lugha ya wenyeji wake.

Na msiache hili: mlembe halei watoto wake. Anataga kwenye viota vya ndege wengine, kwa mfano keremkerem. Kifaranga anakua hamjui mamaye. Kwa hiyo mwito wa Wayao hakuupata kwa mzazi. Ameupata kwa kuishi karibu na walina asali, kwa kuona kwamba sauti hii inaishia kwenye nta na ile haiishii popote.

Babu yangu alikuwa anasema ndege wa kwetu anajua Kiyao. Watu walidhani ni maneno ya uzee.

Bint Mvita #15

Subhanallah. Hii ya mwisho nitaisimulia nyumbani.

Mkata Mizizi #16

Mtoto wa Tunduru, asante, umenipa kitu ambacho sikuwa nacho. Nimekubali kwamba ndege ana aina, na anazipata kwa kujifunza. Natengua nilichosema kwenye #5 kuhusu kuzoea tu.

Kinachonibakia ni ngazi ya juu. Kapu la watu, la samaki, la saratani, yote hayo yana kitu cha kuonekana kwa jicho. Lakini "sawa" na "tofauti" hazionekani. Vikombe viwili ni sawa, mbuzi wawili ni sawa, na kikombe hakifanani na mbuzi hata kidogo. Je, ndege anafika hapo?

Mwalimu wa Zamu #17

Amefika kasuku wa kijivu, yule wa misitu ya Kongo na Uganda, ambaye huko nyuma alikuwa anaonekana hata Kakamega. Irene Pepperberg alimnunua mmoja dukani mwaka 1977, akamwita Alex, akamfundisha mpaka alipokufa mwaka 2007. Njia yake ilikuwa hii: watu wawili wanazungumza mbele ya kasuku, mmoja anauliza "rangi gani?", mwingine anajibu na kupewa kitu chenyewe, akikosea ananyimwa. Kasuku anaangalia, anaona wivu, anaingilia. Watoto wetu wanajifunza kuongea hivyo hivyo, kwa kusikiliza wakubwa.

Alex alijua majina ya rangi saba na ya maumbo kadhaa. Ukimwonyesha kitu kimoja, tuseme pembetatu ya mbao ya kijani, anaulizwa "rangi gani?" anajibu kijani, anaulizwa "umbo gani?" kitu hicho hicho, anajibu pembe tatu. Kitu kimoja, makapu mawili, na anajua ni lipi unaloulizia. Kisha anaonyeshwa vitu viwili na kuulizwa "nini sawa?" au "nini tofauti?" Anajibu rangi, umbo, au kinachotengenezea. Vikiwa havina kinacholingana anasema *hakuna*. Alipatia karibu mara nne kati ya tano, hata kwa vitu ambavyo hajawahi kuviona.

Unaweza kusema huyo alisomeshwa miaka mingi. Basi chukua kifaranga wa bata wa siku moja. Antone Martinho na Alex Kacelnik wa Oxford, mwaka 2016, waliwaonyesha vifaranga wa bata vitu viwili vinavyozunguka, vyenye umbo sawa au vyenye umbo tofauti, wavifuate kama mama. Wengine waliwafanyia hivyo kwa rangi. Kisha wakaletewa jozi mbili mpya kabisa, moja ya vitu vinavyolingana na nyingine ya visivyolingana. Takriban theluthi mbili ya vifaranga walifuata zaidi jozi yenye uhusiano ule ule waliouona mwanzo. Hakuna chakula walichopewa, hakuna mafunzo. Waliona mara moja.

Ukifikiria maisha ya bata hilo linaeleweka. Mama bata akigeuka ubavu haonekani kama akiwa mbele. Akiingia majini sura yake inabadilika tena. Kifaranga anayeshika picha moja tu atapotea siku ya kwanza.

Kihonda Kwetu, wewe uliyeleta swali una kuku na una macho. Kuku wako unawaitaje wakati wa chakula?

Kihonda Kwetu #18

Nagonga kopo la rangi kwa kijiti, mapigo matatu matatu. Wanakuja mbio kutoka hata kwa jirani.

Mwalimu wa Zamu #19

Basi jaribu vifaa vipya, mapigo yale yale. Fanya saa ambayo si ya chakula, ujifiche wasikuone, maana wakikuona watakufuata wewe na siyo sauti. Usiwape kitu siku hiyo, na usirudie kifaa. Utuambie.

Dada Maabara #20

Na uandike pale pale kabla hujasahau. Kumbukumbu inapenda kutengeneza matokeo.

Kihonda Kwetu #21

Wakuu, mrejesho. Imenichukua siku tano, kifaa kimoja kila siku, saa tano asubuhi, nikiwa nyuma ya ukuta wa bafu la nje. Mtoto wangu alikaa dirishani akihesabu waliokuja. Kuku wakubwa ni kumi na wanne. Vifaranga wa Juni, ambao nimeanza kuwaita kwa kopo wiki moja tu iliyopita, ni tisa.

Sufuria kuukuu: wakubwa kumi na mbili walikuja. Kopo la maziwa ya unga: kumi na moja. Bati la kuezekea: tisa, wengine wakasimama njiani. Ndoo ya plastiki: jogoo alipiga hatua tano sita akasimama, mitetea wakainua vichwa, hakuna aliyefika. Ubao: hata kichwa hakikuinuka.

Yaani kwa wakubwa kapu ni "chuma kinachogongwa", na mpaka wake unapita kati ya bati na plastiki. Sikuwahi kuwafundisha mpaka huo. Kopo la maziwa hawajawahi kulisikia maishani mwao.

Ila kilichonifanya nikae chini ni vifaranga. Wale tisa walikuja kwa kila kitu. Sufuria, bati, ndoo, hata ubao, wote tisa, mbio, wakikanyagana. Nikakumbuka vifaranga wa Mama Zuwena na mfuko wa plastiki. Kwa hofu walianza na kapu pana, na kwa chakula nao wameanza na kapu pana.

Kesho naanza kuwamwagia chenga hao vifaranga kwa kopo la rangi peke yake, na kugonga ndoo ya plastiki kila siku bila kutoa kitu. Nataka nihesabu itawachukua siku ngapi kuitoa ndoo kwenye kapu, na kama ubao utatoka pamoja nayo ingawa ubao sitaugonga kabisa. Daftari nimeshanunua.